VirtualBox, VMware au Hyper-V: mgeni wako apokewe nyumba gani?

Kila muhula ukianza naletewa swali lile lile. Mwanafunzi ana kompyuta mpakato yenye Windows, mara nyingi HP EliteBook au Dell Latitude iliyokwisha kutumika maofisini ughaibuni kabla ya kufika Kariakoo au Luthuli Avenue. Mwalimu wake ameagiza kila mtu awe na Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, kufikia Jumatatu. Kufuta Windows hataki, maana ndimo ilimo ripoti ya mafunzo kwa vitendo, pamoja na picha za harusi ya dada yake. Fundi wa mtaani anajua kupiga window tu. Linux hataki hata kuisikia. Basi wenzake wanamwambia, "Weka kwenye mashine pepe." Anafungua intaneti, anakuta majina matatu, na hapo ndipo anaponipigia simu.

Mashine pepe ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta yako. Ina diski yake, RAM yake na skrini yake, na ndani yake unasakinisha mfumo endeshi mzima kana kwamba ni kifaa kipya. Kompyuta halisi tutaiita mwenyeji, na mfumo unaoingia ndani yake tutauita mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wetu anashika jembe tangu siku ya kwanza, ila na chakula anakula tangu siku ya kwanza, na chakula chake ni RAM.

Vigezo

Programu zote tatu nitazipima kwa mambo yale yale: gharama na leseni, kile zinachodai kwa mwenyeji, kazi ya kumpokea mgeni, yaani usakinishaji wenyewe, kuishi naye kila siku, kwa maana ya skrini, sauti, flashi na mtandao, kisha siku ya kuhama, yaani kuhifadhi hali ya mashine na kuipeleka kwenye kompyuta nyingine.

Kasi sikuipa kichwa chake, na nimefanya hivyo makusudi. Kwa mtu anayejifunza Linux, anayeandika programu au anayefungua kivinjari, tofauti ya kasi kati ya hizi tatu ni ndogo ukiilinganisha na tofauti ya kati ya diski ya kuzunguka na SSD, ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Wengi wanaokuja kulalamika kwamba programu fulani "ni mbovu", nikikaa kwenye kompyuta zao nakuta ubovu uko chini zaidi. Ndiyo maana tunaanza na nyumba yenyewe.

Kagua nyumba kabla ya kukaribisha

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia kwenye "Performance", halafu "CPU". Chini kulia kuna neno "Virtualization". Likisomeka "Enabled", endelea. Likisomeka "Disabled", zima kompyuta uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayotangulia Windows, kwa kubonyeza kitufe inapowaka: kwa HP nyingi ni F10, kwa Dell ni F2. Tafuta maneno "Virtualization Technology" au "VT-x". Kwenye prosesa za AMD mara nyingi huandikwa "SVM Mode". Kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows yenyewe, hakikisha unayo namba ya kuifungulia kabla hujagusa chochote humo, kwani kubadili mipangilio ya BIOS huweza kuifanya Windows iidai utakapowasha.

RAM. Windows 11 ikiwa imekaa tu, bila kufunguliwa kitu, hula karibu GB 3 hadi 4. Kwenye mashine ya GB 8 unabaki na kama nne za kugawana kati ya mgeni na kivinjari chako. Ubuntu ya kawaida inataka GB 4, kwa hiyo itaenda, ila ikikohoa. Linux Mint yenye mazingira ya Xfce itakaa vizuri kwa GB 2 au 3. Ukiwa na GB 16 huna haja ya kusoma aya hii. Ukiwa na GB 4 nitarudi kwako mwishoni.

Diski ya kuzunguka, ile ya kizamani, itakutesa. Mwenyeji na mgeni watagombania sindano moja, na kuwasha mashine pepe kunaweza kuchukua muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu, nunua SSD.

Jambo la mwisho ni faili la ISO, yaani mfumo wenyewe utakaousakinisha. La Ubuntu 24.04 ni karibu GB 6, la Mint ni karibu GB 3. Kwa mtu wa bando, hiyo ni tofauti ya kweli. Ubuntu na Mint zote mbili hutoa ISO kwa torenti, na kwa intaneti yetu ya kukatika katika torenti ni mkombozi: ikikatika inaendelea ilipoishia. Niliwahi kupakua ISO nzima kwa kivinjari usiku kucha, asubuhi usakinishaji ukawa unafia asilimia ile ile kila nikijaribu. Faili lilikuwa limeharibika njiani. Sasa sianzi kazi kabla ya kuandika `certutil -hashfile` na jina la faili na neno `SHA256` kwenye kidirisha cha amri, kisha nalinganisha namba inayotoka na ile iliyoandikwa kwenye tovuti ya mfumo husika.

Mpangaji usiyemjua

Hili ndilo limewachanganya watu wengi kuliko yote, na miongozo mingi hulipita kimya.

Windows 10 na 11 zinaweza kuwa zimekalia haipavaiza, yaani ile tabaka ya chini inayogawa prosesa kwa mashine pepe, bila wewe kusakinisha Hyper-V kwa mkono wako. WSL 2, njia ya kuendesha amri za Linux ndani ya Windows, inaitumia. Ulinzi unaoitwa "Memory integrity", ndani ya "Core isolation", unaitumia pia, na kwenye mashine nyingi mpya za Windows 11 ulinzi huo huja ukiwa umewashwa. Matokeo yake, unaposakinisha VirtualBox au VMware ukidhani unahamia nyumba tupu, tayari kuna mpangaji chumbani, na ufunguo anao yeye. Programu yako inalazimika kumwomba Windows nafasi. Itafanya kazi, ila kwa mwendo wa pole.

Kwenye VirtualBox utamtambua mpangaji huyu kwa picha ya kobe wa kijani chini ya dirisha la mashine pepe. Nimekutana na wanafunzi waliodhani ni pambo. Njia nyingine ni kufungua `msinfo32` na kusoma mstari wa mwisho: ukikuta umeandikwa kwamba haipavaiza imegunduliwa, basi yumo.

Kumtoa inawezekana. Unazima "Memory integrity", au unaandika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off` kwa mamlaka ya msimamizi na kuwasha upya. Kumrudisha, unabadili `off` kuwa `auto`. Gharama yake ni kwamba WSL 2 itakoma, na ulinzi wa kweli dhidi ya draiva chafu utakuwa umeuvua. Mimi kwa kazi za darasani namwacha kobe atembee. Nikiona mambo hayaendi kabisa, na Windows ni ya toleo la Pro, huhamia Hyper-V badala ya kupigana naye.

VirtualBox

*Gharama na leseni.* Ilizaliwa Ujerumani kwenye kampuni ya Innotek, ikatoka hadharani mwaka 2007, ikanunuliwa na Sun mwaka 2008, na Sun yenyewe ikamezwa na Oracle mwaka 2010. Programu ya msingi ni huria, na tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022 iko chini ya leseni huria ya GPL, toleo la tatu. Unaipakua bila kufungua akaunti. Kuna kifurushi cha nyongeza kinachoitwa Extension Pack, na hapo soma vizuri: ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu, lakini ofisi inatakiwa ilipie. Zamani watu walikihitaji kwa ajili ya USB 2 na 3. Tangu 7.0 hizo zimo kwenye programu ya msingi, kwa hiyo mwanafunzi wa kawaida hakihitaji kabisa, na ofisi isikipakue kwa mazoea.

*Inachodai kwa mwenyeji.* Kidogo. Inakubali Windows Home, inakubali Linux, inakubali Mac. Tatizo lake ni mpangaji yule.

*Kumpokea mgeni.* Unachagua ISO, unagawa RAM na prosesa, unatengeneza diski ya kukua kidogo kidogo, unawasha. Kuna mtego mmoja. Kuanzia 7.0 programu hujitolea kukufanyia usakinishaji yenyewe, bila kukuuliza maswali. Ukikubali bila kusoma, utapata Ubuntu yenye mtumiaji aitwaye `vboxuser` na nywila `changeme`, na mara nyingi mtumiaji huyo hana ruhusa ya `sudo`, yaani kutoa amri kama msimamizi. Wakati mwingine hata terminali inagoma kufunguka. Darasa zima liliwahi kukwama hapo siku moja. Zima huo usakinishaji wa kujiendesha, sakinisha kwa mkono. Ni dakika chache zaidi, na ukiwa mwanafunzi hizo ndizo dakika za kujifunza.

*Kuishi naye.* Siku ya kwanza skrini itakuwa ndogo kama stempu. Dawa ni kusakinisha Guest Additions ndani ya mgeni, na kwa Linux hiyo inahitaji vifaa vya kujengea moduli za kerneli, yaani kiini cha Linux: `sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)` kwanza, ndipo uingize diski ya Additions kutoka menyu ya "Devices". Baada ya hapo skrini inajaa, kunakili huku na kubandika kule kunawezekana, na folda za pamoja zinaonekana, mradi umejiongeza kwenye kundi la `vboxsf`. Flashi unaichomeka na kuichagua kwenye menyu. Kipanya kikikwama ndani ya dirisha, bonyeza Ctrl ya kulia.

Mtandao wa kawaida ni NAT: mgeni anapata intaneti kupitia mwenyeji, na anwani yake huwa 10.0.2.15. Kwa chuo chenye waifai ya kuingia kwa nywila, hii ndiyo salama, maana mtandao unaona kifaa kimoja tu. Kasoro ni kwamba mwenyeji hawezi kumfikia mgeni moja kwa moja. Ukiweka seva ndani itabidi uelekeze mlango, kwa mfano 2222 wa nje kwenda 22 wa ndani. Vitu vizito vya picha, kama uchoraji wa 3D, visiwe sababu ya kuichagua.

*Siku ya kuhama.* Snapshoti zipo na ni bure: unahifadhi hali ya mashine kabla ya kufanya jaribio la hatari, likiharibika unarudi. Kuhama unatumia "Export" na kupata faili moja la OVA, ambalo VMware nayo hulisoma.

*Inamfaa nani.* Mwanafunzi, mwenye Windows Home, darasa lenye kompyuta mchanganyiko ambapo mwalimu anataka maelekezo yawe mamoja kwa wote, na mtu anayetaka akikwama apate jibu haraka, maana karibu kila kosa lake limekwisha kuulizwa na mtu mwingine.

VMware Workstation Pro

*Gharama na leseni.* Hapa habari imebadilika, na blogu nyingi za zamani bado zinadanganya bila kukusudia. VMware ilianza 1998, na Workstation ikatoka 1999. Kwa miaka mingi toleo la Pro lilikuwa la kulipia, na wengi wetu tukitumia lile dogo la Player au, tuseme ukweli, namba za kuokota. Broadcom iliinunua kampuni mwishoni mwa 2023. Mei 2024 Workstation Pro ikawa bure kwa matumizi binafsi, na Novemba 2024 ikawa bure kwa wote, ofisi zikiwemo. Player ikastaafishwa. Kinachobaki ni usumbufu wa kuipata: unatakiwa kufungua akaunti kwenye tovuti ya Broadcom, kujaza anwani, kisha kuitafuta ndani ya orodha ndefu ya bidhaa. Na kwa kuwa ni bure, huduma kwa wateja huna; unategemea maandiko na watumiaji wenzako.

*Inachodai kwa mwenyeji.* Windows Home inatosha, na Linux pia inakubalika. Watumiaji wa Mac wana ndugu yake, Fusion, naye ni bure. Inapokuta haipavaiza ya Windows inaweza kukaa nayo tangu toleo la 15.5.5, ingawa nayo hupungua mwendo, na ukitaka mashine pepe ndani ya mashine pepe katika hali hiyo utakosa.

*Kumpokea mgeni.* Nayo ina usakinishaji wa haraka, unaokuuliza jina na nywila yako mwenyewe mapema. Mgeni akiwa Windows 11, itakudai uifunge mashine kwa nywila ili ipate TPM ya kuigiza, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai. Iandike mahali. Ukiisahau, mashine imekwenda na kila kilichomo.

*Kuishi naye.* Hapa ndipo inapowazidi wenzake, kwa maoni yangu. Viongezeo vya Linux viko ndani ya hazina ya Ubuntu yenyewe: `sudo apt install open-vm-tools-desktop`, unawasha upya, basi, hakuna kujenga moduli za kerneli. Skrini inafuata ukubwa wa dirisha bila kusumbua, sauti inatoka, na tangu toleo la 17 inaigiza kadi ya picha yenye DirectX 11 na OpenGL 4.3, kwa hiyo mazingira yenye madoido hayagandi ovyo. Kwenye NAT yake mwenyeji anamfikia mgeni moja kwa moja bila kuelekeza milango, jambo linalopunguza maumivu kwa anayefanya kazi za seva au tovuti. Kipanya unakiachia kwa Ctrl na Alt.

*Siku ya kuhama.* Snapshoti zinaonekana kama mti, ukiona tawi gani limetoka wapi. Folda ya mashine unaweza kuinakili nzima kwenye diski ya nje ukaifungua kwingine. Angalizo hili ni la programu zote: flashi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ifomati exFAT kabla.

*Inamfaa nani.* Anayekaa ndani ya mgeni saa nyingi kila siku, anayetengeneza tovuti, anayejifunza usalama wa mitandao kwa mashine tatu nne zinazozungumza, na ofisi ndogo ambayo haitaki kubabaika na leseni ya kifurushi cha nyongeza.

Hyper-V

*Gharama na leseni.* Imo ndani ya Windows 10 na 11 za Pro, Enterprise na Education. Hupakui kitu, na kwa mtu wa bando hilo si dogo. Windows Home haina Hyper-V kamili. Utaona video za kuilazimisha kwa skripti, na mimi sishauri kuijengea kazi ya muhula juu ya msingi usioungwa mkono.

*Inachodai kwa mwenyeji.* Toleo sahihi la Windows, basi. Mpangaji aliyewasumbua wengine hapa ndiye mwenye nyumba. Ukiwa unatumia WSL 2 na ulinzi wa "Memory integrity", Hyper-V haigombani nao hata kidogo.

*Kumpokea mgeni.* Unaiwasha kwenye orodha ya "Windows Features", unawasha kompyuta upya. Wakati wa kutengeneza mashine unaulizwa kizazi cha 1 au cha 2. Kwa mifumo ya kisasa chagua cha 2. Kisha, kabla ya kuwasha Ubuntu, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya "Security", na ubadilishe kiolezo cha Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo kabla haujaanza, kuwa "Microsoft UEFI Certificate Authority". Usipofanya hivyo itakataa kuanza kutoka kwenye ISO, nawe utadhani faili ni bovu na kulipakua tena. Kwa Windows 11 unaweka alama kwenye TPM papo hapo, bila nywila ya kukumbuka.

*Kuishi naye.* Mgeni akiwa Windows Pro, maisha ni mazuri: dirisha linatumia njia ile ile ya kuingia kompyuta kwa mbali, kwa hiyo sauti, kunakili na diski za mwenyeji vinapita. Mgeni akiwa Linux yenye skrini ya kawaida, uvumilivu unahitajika. Sauti hupati katika dirisha la msingi, ukubwa wa skrini unabadilishwa kwa amri, na ukitaka zaidi lazima usanidi xrdp, programu ya kuingia Linux kwa mbali, ndani ya mgeni. Flashi huichomeki na kuiona kwa mgeni kama kwenye hizo nyingine mbili. Mtu anayetaka kuangalia video za mafunzo ndani ya Ubuntu atachoka nayo siku ya kwanza. Anayetaka Linux ya terminali au seva ya majaribio hatahisi upungufu wowote, na atapenda kwamba mashine inaendelea kufanya kazi hata akifunga dirisha.

"Default Switch" inatoa intaneti papo hapo kwa mtindo wa NAT, ila anwani zake hubadilika mwenyeji akiwashwa upya. Ukihitaji anwani isiyohama, tengeneza swichi pepe yako.

*Siku ya kuhama.* Hapa snapshoti huitwa "checkpoint", na Windows huwasha za kujiendesha bila kukuuliza. Zizime kwenye mipangilio ya mashine, la sivyo utashangaa diski inajaa mafaili ya AVHDX. Kuhama kwenda kwenye Hyper-V nyingine ni rahisi. Kwenda kwenye programu nyingine itabidi ubadilishe diski ya VHDX, kwa mfano kwa `qemu-img`.

*Inamfaa nani.* Mwenye Windows Pro anayejifunza kazi za msimamizi wa mifumo, hasa mazingira ya Windows Server. Anayetumia WSL tayari. Na mwenye mgeni wa Windows.

Walio nje ya mlango

Kama mwenyeji wako ni Linux, zungumza kwanza na KVM, haipavaiza ya Linux yenyewe. Imo ndani ya kerneli tangu toleo la 2.6.20 la mwaka 2007, na ukiiendesha kupitia virt-manager, au GNOME Boxes kama unataka wepesi, huenda usihitaji yoyote kati ya hizo tatu. Mgeni wa Windows mpe draiva za virtio, diski yake itachangamka.

Kama una Mac yenye prosesa ya Apple, ISO zako lazima ziwe za ARM. UTM na Fusion ndizo njia zilizozoeleka.

Na kama unachotaka ni amri za Linux tu, bila eneo-kazi lake, acha yote haya uandike `wsl --install`. Hata Home inakubali. Nimeshawahi kumsaidia mtu kusakinisha mashine pepe nzima kumbe alihitaji `grep` na `ssh`.

Neno moja kuhusu Windows ndani ya mashine pepe: leseni ya mwenyeji haimfuniki mgeni. Kwa majaribio, Microsoft hutoa toleo la Enterprise la kujaribia kwa siku 90.

Kwa hali yako

Una Windows Home, GB 8, na zoezi la Ubuntu kufikia Jumatatu: VirtualBox, usakinishaji wa mkono, Mint Xfce kama mwalimu anakubali, GB 3 za RAM na prosesa mbili kwa mgeni. Ukiona kobe, mvumilie hadi Jumatatu ipite.

Una GB 16 na utaishi ndani ya Linux muhula mzima, au unaandika tovuti kwa ajili ya wateja: vumilia ile safari ya akaunti, chukua VMware. Ukishaizoea, usumbufu wa kuipakua utausahau.

Una Windows Pro ya ofisini, na mtu wa TEHAMA amefunga ulinzi usiozimika: Hyper-V, kwa sababu hizo nyingine zitabanwa na ulinzi huo. Mwombe ruhusa kwanza. Kompyuta si yako.

Wewe ni mwalimu na mbele yako kuna kompyuta arobaini za kila aina: tengeneza mashine moja safi kwenye VirtualBox, itoe kama OVA, igawe kwa diski ya nje. Wanafunzi hawatapakua kitu zaidi ya programu yenyewe, na kila mmoja akiharibu ya kwake anaanza upya kutoka faili lile lile.

Una GB 4: usikaribishe mgeni, mtalala njaa wote wawili. Chukua flashi ya GB 8, andika ISO ya Mint juu yake kwa Rufus, uwashe kompyuta kutoka kwenye flashi na ujaribu Linux bila kugusa Windows yako. Halafu siku ukipita dukani kuulizia bei ya RAM, mwambie fundi afungue mfuniko kabla hujalipa, muone kama kuna nafasi wazi. Baadhi ya mashine nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao, na hakuna pa kuchomeka nyingine.